Bi Mfumo na Desturi ya Niwekee

Kuna watu Kariakoo wanajulikana kwa majina yao, na kuna watu wanajulikana kwa shida uliyonayo siku ukiwatafuta. Bi Mfumo alikuwa wa kundi la pili. Sijawahi kuona mtu anamtafuta ili amsalimie tu. Ulikuwa unasikia miguu inapanda ngazi za ghorofa letu mbio mbio, halafu mlango unagongwa kama wa polisi: "Bi Mfumo yupo? Mfumo umegoma!" Hapo sisi wa ghorofani tulijua kuna duka huko chini printa imekufa, au kompyuta imeandika maneno mekundu na muuzaji kaifunika kwa khanga wateja wasione aibu.

Kazaliwa wapi, mtoto wa nani, kasomea wapi, msiniulize. Niliwahi kumuuliza akanijibu, "Kwani unaniandikia kitambulisho?" Basi nikaachana nayo. Ninachojua ni kwamba alikaa chini yetu, jirani na Mtaa wa Msimbazi, tangu mimi sijaanza hata chekechea, na kwamba maduka mengi ya vitambaa pale mtaani yanauza kwa mifumo aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa anatembea na baibui jeusi na raba nyeupe. Mama yangu alikuwa anasema yule mwanamke yuko tayari kukimbia muda wote, hatujui tu anamkimbia nani.

Ukiingia kwake ungedhani umeingia kwa mganga wa redio. Nyaya, kompyuta zilizofunguliwa tumbo, feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Lakini ile kompyuta yake kubwa ya kazi ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi chenye maua, kama bibi zetu wanavyofunika televisheni. Na simu yake sasa! Mtu anakula kwa sababu ya kompyuta, simu yake kitochi, ile ya kubonyeza, herufi zimefutika zote.

"Bi Mfumo, shikamoo. Hiyo simu yako hata intaneti haina."

"Marahaba. Ndiyo maana naipenda. Hainiulizi chochote."

Kitu alichokuwa anahubiri kuliko imamu ni nakala. Kila kitu kiwe na nakala. Duka lisilo na nakala ya mfumo wake alikuwa analiita marehemu mtarajiwa. Yeye mwenyewe sasa, funguo zake za nyumbani alikuwa anapoteza kila wiki. Alichofanya ni kuchongesha nakala za funguo na kuzigawa kwa majirani, wazo zuri kabisa, tatizo alikuwa anasahau aliwapa majirani gani. Utamkuta anapanda ghorofa hadi ghorofa, anagonga: "Mimi nilikupa wewe ufunguo?" Siku nyingine alikuwa anagonga hadi kwa wapangaji wapya ambao hata hawamjui.

Na uvumilivu wake ulikuwa wa upande mmoja. Kwa mashine angekaa asubuhi mpaka alasiri, anaibembeleza, "Haya mama, sema, kinakuuma nini?" Ila mpeleke kwenye foleni ya bhajia. Loo! Nilimwona kwa macho yangu anawapita wanaume wazima pale kwa muuza bhajia, kisingizio chake eti kuna duka linamsubiri. Hakukuwa na duka. Ah, nasema vibaya, lilikuwepo, sababu Bi Mfumo hasemi uongo. Ilikuwa lazima ukiulizia uambiwe kuna duka kweli linamsubiri, tangu juzi.

Hilo la uongo nitalirudia kidogo maana ndilo lililotutoa jasho baadaye. Bi Mfumo alikuwa hadanganyi hata kwa adabu. Bibi harusi wa ghorofa ya juu alimuuliza, "Nimependeza?" akamjibu, "Uso ndiyo, hilo shungi linakuonea." Mama alimkaribisha pilau, akala kijiko cha kwanza, akasema mdalasini umezidi, halafu akaongezwa sahani ya pili akala yote. Mama alinuna mpaka Ijumaa. Mimi nikamwambia, "Mama, si kamaliza?" Akanifukuza jikoni na mimi.

Alikuwa na maswali yake. Kitu chochote kikiharibika, iwe kompyuta, iwe pasi, iwe ndoa ya mtu, anauliza yale yale kwa sauti ile ile ya daktari aliyechoka. Mara ya mwisho kimefanya kazi lini? Baada ya hapo nani kakigusa? Na aliyekigusa alikuwa anataka nini?

Kuzima na kuwasha alikuwa hataki kusikia. "Ukimpiga mgonjwa kofi atashtuka," alikuwa anasema, "lakini hujajua anaumwa nini."

Nakumbuka pampu ya maji ya ghorofa letu ilivyokuwa inagoma kila mchana. Wanaume wakakusanyika kule chini, kila mmoja ana nyundo yake na maoni yake. Mmoja anasema mota imeungua, mwingine anasema ni umeme mdogo, mwingine alikuja kuangalia tu ila alishika bisibisi ili aonekane. Bi Mfumo akashuka na maswali yake matatu. Kumbe kuna mama mmoja alikuwa anaizima kwenye swichi kuu kila mchana kwa sababu mngurumo unamwamsha mtoto wake mchanga, halafu na yeye anapitiwa na usingizi. Tulitegemea litatajwa jina, tupate la kusema wiki nzima. Hakutaja. Alisema tu, "Pampu isukume maji asubuhi na jioni, mchana ipumzike." Wanaume wakarudi na nyundo zao. Mimi jina nililijua baadaye, ila sitawaambia, ana kandambili zinazorushika vizuri sana yule mama.

Hata mimi alishanifanyia uchunguzi. Siku moja alikwenda kuswali akaniacha sebuleni kwake, nikabandika kipande cha gundi ya karatasi chini ya mausi yake, pale kwenye taa. Aliporudi, mshale hauendi popote. Mimi niko kwenye kochi nasoma kitabu cha jiografia kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa jiografia hajawahi kuiona.

"Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?" akajiuliza kwa sauti, huku anapindua mausi. "Kabla sijaenda kuswali. Nani kaigusa? Paka hana gundi." Akanigeukia. "Alikuwa anataka nini? Alikuwa anataka kucheka." Akaibandua ile gundi. "Haya cheka basi, usije ukapasuka humu ndani, nimedeki."

Toka siku hiyo akawa ananiita kila akimaliza mfumo mpya. "Njoo uharibu," anasema. "Wewe una kipaji cha kuharibu, shuleni wanakipoteza bure." Basi nauza vifungo vya shati kwa bei ya hasi, naandika mteja anaitwa Bata Mzinga, nabonyeza kitufe cha kulipa mara nyingi kama mtoto kwenye lifti. Mfumo ukianguka anafurahi kuliko mimi. Anasema, "Mashaallah," na anaanza kurekebisha.

Kwa hiyo mtaona mtu wangu ni wa namna gani. Sasa niwape ile siku ya Ramadhani.

Mama yangu ni muuzaji kwenye duka la vitambaa la jumla pale Kariakoo. Mwenye duka tunamwita Tajiri, kama matajiri wote wa Kariakoo wanavyoitwa na wauzaji wao. Ni mzee mpole, kofia yake imenyooka, sauti ya chini. Duka lina meza za mauzo kadhaa, chini na juu, na zote zinauza kutoka stoo moja. Muuzaji yeyote akiuza jora la kitambaa, mfumo unalipunguza, na kuli anatumwa kulibeba.

Kama hujawahi kununua kitambaa Kariakoo, kuna neno moja inabidi ulijue: niwekee. Mteja anachagua, anagusa, anabishana bei mpaka mnakuwa ndugu, halafu anasema, "Niwekee, nazunguka kidogo." Anaondoka. Anaweza kurudi baada ya kunywa maji, anaweza kurudi kesho, anaweza akaolewa huko huko asirudi tena. Lakini muuzaji mwenye utu anaweka. Usipoweka, siku akirudi akakuta jora lake limeondoka, atakusema kuanzia mlangoni hadi kituo cha basi, na wenziwe watakuja kukuangalia sura.

Zamani walikuwa wanaficha chini ya meza, yakaisha. Mfumo ulipokuja, kuficha kukawa hakusaidii. Wewe umeficha jora chini, mfumo unasema lipo, mwenzio wa juu analiuza, kuli anakuja kulichukua mikononi mwako huku mteja wako bado yuko kwenye mizunguko. Basi wauzaji wakagundua ujanja. Hakuna aliyewafundisha, waliambizana tu wao kwa wao. Unaanza mauzo kwenye kompyuta, unaingiza lile jora, halafu humalizi. Hubonyezi kulipa, hubonyezi kufuta. Unalishusha lile dirisha chini ya skrini, unafungua jingine unaendelea na wateja wengine. Jora limefungwa. Hakuna wa kuliuza mpaka mteja wako arudi. Safi kabisa. Bi Mfumo aliyetengeneza mfumo huo hakuwa na habari.

Kumi la mwisho la Ramadhani lile, akaja bibi mmoja kutoka Kigamboni kwa Mama. Anatafuta kitenge cha sare za harusi ya mjukuu wake, na rangi aliyoipenda lilikuwa limebaki jora moja tu duka zima. Akamwambia Mama, "Mwanangu, ngoja nikawaite wanawake wenzangu waje waone, wasije wakasema nimewachagulia peke yangu. Niwekee, nakuomba." Mama akaweka. Dirisha likashushwa chini ya skrini. Bibi hakurudi siku ile, wala iliyofuata. Kompyuta za dukani hazizimwi, Tajiri anaamini kuwasha kila siku kunazichosha. Dirisha likakaa.

Mimi siku mfumo ulipogoma nilipita dukani kutoka shule, kuchukua ufunguo wa nyumbani. Nikakuta watu wamejaa hadi nje, wauzaji wamesimama mikono mitupu. Kila kompyuta, maneno ni yale yale: logi ya miamala imejaa. Ukibonyeza kulipa, inakataa. Ukiingiza mzigo mpya, inakataa. Wateja wamefunga, jua kali, mmoja anasema, "Kama hamuuzi semeni twende kwa Mchina."

Tajiri akapanda kwenye kigoda. Sikuwahi kumsikia anapaza sauti. "Jamani, aliyeua huu mfumo, nikimjua, kesho asije."

Duka zima lilisikia. Nilimwangalia Mama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mausi, lakini hausogei.

Mpwa wa Tajiri, kijana mmoja mwenye simu mbili na manukato ya kutosha msikiti mzima, tayari alikuwa amekaa kwenye ile kompyuta kuu, wanayoiita sava. "Mjomba, ni faili tu limejaa hapa. Kubwa kweli. Nalifuta, tunaendelea."

"Ukifuta hilo," ikasema sauti mlangoni, "futa na kibao cha duka."

Bi Mfumo alikuwa anapasua watu kama yuko kwenye foleni ya bhajia. Akamwinua yule kijana kwa kumwangalia tu, akakaa.

"Bi Mkubwa, si takataka tu hizo?" mpwa akajitetea.

"Unazijua hizo? Kila kitu duka hili linachofanya, kinaandikwa kwanza hapa kwenye logi, ndipo kinakwenda kukaa mahali pake. Fikiria uchochoro wa huko nyuma. Mikokoteni inaingia upande huu, inatokea upande ule. Ikitoka, uchochoro uko wazi. Sasa mkokoteni mmoja ukasimama katikati, ya nyuma yake yote inasimama. Mingine imeshamaliza kazi yake, lakini haina pa kupitia. Wewe unataka kuchoma uchochoro na mizigo ya watu ndani."

"Kwa hiyo tunafanyaje?" Tajiri akauliza.

"Kwanza tupumue." Akabonyeza bonyeza. Kulikuwa na diski nyingine yenye nafasi, akaipa logi sehemu huko. Haukupita muda, meza ya kwanza ikalia mlio wa printa, risiti ikatoka, wateja wakapiga makofi kama timu imefunga.

"Alhamdulillahi," Tajiri akajifuta jasho. "Basi imeisha."

"Haijaisha. Nimekupanulia uchochoro. Mkokoteni bado umesimama." Akaandika kitu kingine, akasogeza miwani. Alikuwa anaiuliza databesi yenyewe, lile ghala la kumbukumbu za mfumo, kwa nini logi haipungui. Ikamjibu kuna muamala uko wazi, ulianza siku zilizopita, haujaisha mpaka sasa. Akaiuliza tena, umefunguliwa kutoka meza gani. Nikaona anasoma. Halafu akageuza shingo taratibu akaangalia meza ya Mama.

Mimi ni mtu wa mzaha, kila mtu anajua, ila pale mzaha ulinikauka mdomoni. Nilikuwa nimekumbuka vitu viwili tu: Tajiri kasema kesho asije, na huyu mwanamke hajui kudanganya.

Akaenda akakaa kando ya Mama, akavuta kiti karibu kama wanataka kusukana. "Kuna dirisha hapa umeliacha wazi," akasema chini chini. "Ulikuwa unataka nini?"

Mama akamwelezea. Bibi wa Kigamboni, sare, jora la mwisho, niwekee. Bi Mfumo akawa anasikiliza, uso unabadilika rangi.

"Kwani wote mnafanya hivi?"

Wauzaji wenzake Mama, ghafla, kila mtu akaona kitu cha kukunja. Mmoja akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Mimi nimefanya," Mama akasema. Hakuongeza mtu.

Tajiri alikuwa ameshafika. "Eeh? Umempata? Nani?"

Nilitamani Bi Mfumo apoteze sauti kama anavyopoteza funguo.

"Meza ya huyu mama," akasema. Hivyo hivyo. Nilihisi damu inashuka hadi kwenye soksi. "Na aliyekosea ni mimi."

"Usinichanganye, dada yangu. Ni yeye au ni wewe?"

"Nilikutengenezea mfumo wa mteja anayeingia, ananunua, anaondoka. Tajiri, wewe umekaa Kariakoo maisha yako yote. Huyo mteja umeshawahi kumwona?"

Mtu mmoja kwenye umati akacheka. Tajiri hakucheka.

"Mfumo wangu haukuwa na pa kumwekea mtu kitu," Bi Mfumo akaendelea. "Huyu mama kaahidi, akatafuta pa kutunza ahadi yake, akapata pale. Mtu akijenga nyumba haina choo, asishangae."

"Umenipotezea mchana wa kumi la mwisho," Tajiri akasema, na sikuelewa anamwambia nani kati yao.

Kabla dirisha halijafungwa, Bi Mfumo akamwambia kuli alete lile jora na kuliweka mezani kwa Mama, likiwa na kitambaa chekundu kimefungwa ili lisiguswe. Halafu akamwambia Mama, "Funga mwenyewe." Mama akabonyeza. Bi Mfumo akachukua nakala ya logi, na kwenye ile kompyuta kuu, pale palipokuwa pamejaa pakaanza kuwa peupe. Wateja waliendelea kununua, hawana hata habari.

Uamuzi wa Tajiri ulitoka wakati tunajiandaa kwenda kufuturu. Hakumfukuza Mama. "Kwa heshima ya huyu fundi," alisema. "Lakini kompyuta asiguse tena. Aende stoo."

Watu walimwambia Mama ana bahati. Bibi wa Kigamboni alikuja keshokutwa yake na wanawake wenzake wengi tu, wakachukua jora lao, wakashangilia duka zima, na aliyewapa alikuwa muuzaji mwingine.

Mimi sikujua stoo ni adhabu kiasi gani mpaka ilipokuwa jioni kadhaa zimepita. Mama kila siku alikuwa anarudi na habari. Mteja aliyebishana bei mpaka akalia. Mwanamume aliyekuja kununua shela na wake zake wawili, kila mmoja anadhani ni lake. Mimi nusu ya vichekesho ninavyosimulia shuleni nimeviiba kwake. Kule stoo kuna vumbi na majora, basi. Alikuwa anarudi, anakohoa, anaweka chakula, anakaa kimya. Nikawa namchokoza, "Mama, leo majora yamesemaje?" Ananiambia nioshe vyombo.

Baada ya Idi Bi Mfumo akaanza kupanda kwetu. Si kuulizia ufunguo. Alikuwa anakuja na daftari na njaa yake, anamkalisha Mama kwenye mkeka.

"Mteja akisema niwekee, unaweka mpaka lini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini? Kompyuta haijui inategemea."

"Inategemea mteja. Aliyegusa kitambaa mara moja akaondoka, huyo hatarudi. Akirudia kukigusa wakati keshaaga, huyo muwekee mpaka kesho. Anayekuomba namba ya simu, huyo anakukimbia kistaarabu."

"Na anayeacha mfuko wake kwako?"

"Huyo atarudi, ila atasema mfuko ulikuwa umejaa zaidi."

Bi Mfumo akacheka mpaka akashika ukuta, na Mama naye akacheka, nikasikia kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. Lakini asubuhi yake alikwenda stoo kama kawaida.

Zikapita wiki. Halafu tukasikia Bi Mfumo anahama. Dada yake aliyeko Tanga hajisikii vizuri, anakwenda kukaa naye. Vitu vyake vikaanza kushuka ngazi kimoja kimoja, na majirani wakaanza kurudisha funguo ambazo wengine walikuwa hata hawakumbuki wanazo. Niliona ndiyo basi, anaondoka na suala la Mama limezikwa.

Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa pale dukani, mchana. Nilitoka shule nikapita, nikakuta kafungua mfumo mpya kwenye meza ya mbele. Tajiri kasimama nyuma yake, mikono mgongoni. Kwenye skrini kulikuwa na kitufe kipya cha rangi ya chungwa kimeandikwa Weka. Ukikibonyeza, jora linaandikwa jina la mteja na siku ya kuachiwa, muamala unafungwa hapo hapo, hakuna kinachobaki wazi nyuma.

"Hebu nionyeshe kinavyofanya kazi," Tajiri akasema.

"Mimi sijui kuuza," Bi Mfumo akajibu. "Mimi nimetengeneza tu. Anayejua kama nimepatia yuko stoo."

Tajiri akatikisa kichwa. "Nilisema asiguse kompyuta."

"Ulisema. Na mimi siwashi huu mfumo mpaka aukague. Nikiwa nimekosea tena, bora yeye aniambie leo kuliko logi ije kuniambia Ramadhani ijayo, mimi niko Tanga."

"Dada yangu, unanilazimisha?"

"Nakwambia ukweli. Unanijua."

Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasubiri, mmoja anajipepea kwa pochi. Tajiri akaangalia skrini, akawaangalia, akaangalia ule mlango wa nyuma. Nilidhani atamtuma mpwa. Akaenda mwenyewe, akasimama mlangoni pa stoo, akaita: "Mama Rehema! Hebu njoo huku mbele."

Rehema ndiyo mimi. Mama akatoka, mtandio umejaa nyuzi za vitambaa, anadhani ameitwa kwa ubaya. Akaiona ile meza, akamwona Bi Mfumo kainuka na kumwachia kiti. Akajifuta mikono kwenye gauni mara mbili tatu, akakaa.

Alibonyeza, akabonyeza, akakunja uso. "Kimekaa mbali hiki."

"Mbali wapi?"

"Mteja anasema niwekee wakati mkono wangu uko huku kwenye bei. Kilete huku. Na hii siku ya kuachiwa, isiandike yenyewe. Niachie mimi."

"Sawa, mama," Bi Mfumo akasema, amepiga magoti kando ya kiti, anakihamisha kile kitufe pale pale. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia anamwambia mtu sawa bila kubisha.

Yule mteja wa pochi akachoka kusubiri, akaegemea meza. "Mama samahani, hiki kitenge kipo cha bluu?"

Mama akanyanyua macho, si kwa mteja, kwa Tajiri. Mikono kaiondoa kwenye kibodi.

Tajiri akairekebisha kofia yake ambayo ilikuwa imekaa sawa tangu asubuhi. "Mteja anakuuliza," akasema, akaenda kukaa kwake.

Bi Mfumo alikuwa ameshafunga mkoba. Hakuaga mtu. Nikamfukuzia mpaka barazani, katikati ya wauza mikoba na makelele.

"Bi Mfumo, unaondoka hata hujaona kama unafanya kazi!"

"Nimeona."

"Umeona nini? Hata skrini hukuangalia."

"Skrini ya nini? Nilikuwa namwangalia mama yako." Akanigonga kichwani kwa kidole. "Na wewe rudi ndani ukauharibu kidogo, kabla wengine hawajauharibu."

Akavuka barabara bila kuangalia bajaji, bajaji zikapiga honi, naye akazipungia mkono kama amezisamehe. Nikasimama pale mpaka sikumwona. Nyuma yangu, kutoka dukani, nikamsikia Mama anambishia yule mteja bei ya kitenge cha bluu, sauti hadi barabarani, na Tajiri anamwomba, tafadhali mama, kidogo tu, apunguze kelele.